Bahari ya Malka Guyo

Ijumaa, 20 Oktoba. Wabera, Isiolo

Mworia, mkuu wetu wa ofisi ya hali ya hewa, ameniita leo kabla sijamaliza chai. "Kagwiria, wewe ndiye utaenda Malka Guyo," akasema.

Mto Ewaso Nyiro umevunja kingo. Barabara inayotoka Garbatulla kwenda kaskazini imezama, na vijiji vya ng'ambo vimekatika. Shirika moja la misaada limeleta boti ya kuvusha watu. Kaunti inataka mtu wa hali ya hewa akae pale pale kando ya maji, aseme lini boti ivuke na lini isivuke.

Nikamwambia sijawahi kupanda boti maishani mwangu. Nimezaliwa Nkubu. Maji makubwa ya utotoni mwangu ni mto Thingithu, ambao tulikuwa tukiuruka kwa mawe tukienda shule.

"Huendi kuendesha boti," akajibu. "Unaenda kuangalia mbingu. Mbingu unaijua."

Nimefunga begi. Vipima mvua viwili, kipima upepo cha mkononi, bendera nyekundu na gambuti.

Jumatatu, 23 Oktoba. Malka Guyo

Nilidhani nimekuja kuona mto uliojaa. Sikuwa tayari.

Tulipanda mwinuko wa mwisho na lori likasimama lenyewe, kwa sababu dereva alisahau kukanyaga mafuta. Mbele yetu barabara ilishuka taratibu, ikaingia ndani ya maji, ikaishia hapo. Baada ya hapo hapakuwa na nchi tena. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalitanda kutoka mkono wa kushoto hadi mkono wa kulia, mpaka macho yakachoka. Vilele vya migunga vilichomoza kama watu waliozama hadi shingoni. Kibao cha barabarani kilibaki juu kipande tu, na ndege mweupe amesimama juu yake. Maji yalikuwa na mawimbi. Madogo, lakini mawimbi, yanakuja kugonga lami na kurudi, kana kwamba yamefanya hivyo tangu dunia iumbwe.

Hii ni nchi ambayo mwaka jana nilikuja kupima ukame. Nilipiga picha mizoga ya ng'ombe pale pale ambapo sasa boti inaelea.

Nilijikuta nimevua viatu. Sijui kwa nini. Nilisimama tu miguu mitupu juu ya lami yenye joto, nikiangalia.

Mwendesha boti anaitwa Lokorio. Mturkana, mrefu, mzaliwa wa ukingo wa ziwa Turkana. Alivua samaki huko tangu utoto kabla hajaja Isiolo kutafuta kazi. Alinitazama na kipima upepo changu kilichoning'inia shingoni.

"Wewe ndiye madam wa mawingu?"

"Mimi ndiye."

"Sawa. Wewe shika mawingu, mimi nishike maji. Tusigombane."

Tumeanza kugombana kabla ya chakula cha jioni.

Jumatano, 25 Oktoba

Tumekubaliana hivi: bendera nyekundu ikipanda kwenye mlingoti karibu na hema langu, boti haitoki. Lokorio alikubali huku akicheka na kuwatazama wengine, na wakacheka pia.

Kuna kilima cha mawe meusi katikati ya maji, karibu nusu ya safari. Mzee Arero amekwama juu yake na ngamia wake tangu mto uvunje kingo. Hataki kuondoka bila wao. Boti humpelekea unga na majani ya chai.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mvua kidogo. Mbu wengi.

Jumapili, 29 Oktoba

Siku mbaya.

Asubuhi wingu lilianza kupanda upande wa mashariki, likajaa haraka, jeupe, lenye mabonge kama koliflawa. Kufikia saa tano lilikuwa na tumbo jeusi. Nikapandisha bendera. Ng'ambo walikuwa wanawake wa maziwa, wanaoleta maziwa ya ngamia kila siku ili yapelekwe Isiolo kwa gari. Boti ikabaki huku, wao wakabaki kule, na jua likawa linawachoma.

Wingu likatembea kusini, likanyesha mbali sana huko, likaisha. Hapa halikudondosha hata tone. Saa kumi mbingu ilikuwa safi kama sahani. Maziwa yalikuwa yameharibika yote.

Kiongozi wao ni mama mmoja Msomali anayeitwa Hamdi, mtu wa makamo, sauti yake inatosha soko zima. Boti ilipomvusha hatimaye, alikuja moja kwa moja hemani kwangu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama."

"Wewe ndiye uliweka nguo nyekundu?"

"Ndiyo, mama. Kulikuwa na dhoruba."

"Iko wapi?" Aligeuka taratibu akaitafuta mbinguni, mkono juu ya macho, ili kila mtu amwone akitafuta. "Abaayo, dada yangu, nionyeshe basi. Mimi nimemwaga maziwa ya wanawake wote wale kwa sababu ya kitu ambacho sikioni."

Nilimweleza jinsi wingu linavyoweza kugeuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira tena, jambo lililoniuma zaidi: "Mara ingine ukipandisha hiyo nguo, nani atakuamini?"

Jumanne, 31 Oktoba

Nimepanda boti.

Lokorio ndiye aliyenialika. "Unawaambia watu habari ya maji na hujawahi kuyakalia," alisema, na alikuwa na haki. Nilishika ukingo kwa mikono yote miwili. Alinionyesha jinsi pua ya boti inavyotakiwa kulitazama wimbi, kwa mshazari kidogo, wala si ubavu. "Likikupata ubavuni, umekwisha. Na mtu asisimame. Boti haipinduliwi na maji. Inapinduliwa na watu wanaosimama."

Katikati alizima injini. Ukimya ule sitausahau. Chini yetu ilikuwa barabara, na kichaka, na boma la mtu. Nilichungulia nikaona kivuli cha mti mzima uliosimama ndani ya maji, matawi yake yakiyumba polepole kama yanapigwa na upepo wa dunia nyingine.

Tulibishana pia. Nilimwambia hatari ya hapa ni mchana: jua linapasha nchi, mawingu yanapanda, na baada ya saa nane upepo unaweza kushuka kutoka wingu kwa ghafla. Akakataa kabisa.

"Ziwani upepo ni wa usiku na asubuhi. Unapiga mpaka unalia. Mchana unalala. Jioni maji yanakuwa kama mafuta, watoto wanaoga. Maisha yangu yote ni hivyo."

"Hapa si ziwani."

"Maji ni maji, madam."

Jumatano, 1 Novemba

Mchana shwari. Lokorio alinipungia mkono akiwa katikati ya maji saa tisa, akijidai.

Ijumaa, 3 Novemba

Mchana shwari tena. Naanza kujitilia shaka. Ndiyo kazi hii. Unasema "inawezekana", na watu wanasikia "itakuwa".

Jumapili, 5 Novemba

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Niandike kwa mpangilio.

Shule ya sekondari ya ng'ambo imezama, kwa hivyo watahiniwa wake wa kidato cha nne wamepangiwa kufanyia mtihani kwenye shule moja ya bweni huko Garbatulla. Mtihani unaanza kesho asubuhi. Leo ilikuwa siku ya kuwavusha. Nilivuka na boti ya kwanza kwenda kusoma kipima mvua nilichoweka ng'ambo, nikabaki huko nikiangalia safari zikiendelea. Wavulana walivuka vizuri, maji yametulia.

Kisha gunia la plastiki na matawi ya miiba yakajizungusha kwenye panga za injini. Lokorio alifanya kazi amezama hadi kifuani, akikata kwa kisu, na jua likapita utosini. Alipomaliza, ukingoni tulikuwa tumebaki wasichana, mwalimu wao Gichunge, Hamdi na mitungi yake ya plastiki ya maziwa, na mimi. Ndipo tukagundua kwamba wavulana walishuka upande wa Garbatulla na jaketi zao za kuelea, na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha zote. Hazikututosha.

Mashariki wingu lilikuwa limesimama. Halikuwa kama lile la Jumapili iliyopita. Hili kichwa chake kilikuwa kimefika juu kabisa na kutandaa kama fuawe ya mhunzi, na ukingo wake ulikuwa mkali kama umekatwa na makasi. Nilipima upepo. Hakuna. Kipimo hakikuzunguka hata kidogo, na kutozunguka kwake ndiko kulikonitisha.

"Tungoje," nikasema. "Lipite kwanza."

Mwalimu Gichunge alinikaribia. Ni mtu wa kwetu Imenti, akanisemesha kwa upole kwa Kimeru kwanza, halafu kwa Kiswahili ili wengine wasikie. "Dada, lori linawangoja ng'ambo leo jioni tu. Asubuhi hakuna lori. Hawa wamesoma miaka minne, na tangu shule izame wamesoma chini ya miti. Nikiwakosesha mtihani nitawaambia nini wazazi?"

"Mchana maji yanalala," Lokorio akasema.

Hamdi aliniangalia tu, na nikakumbuka swali lake.

Nilikadiria kwamba tuna muda wa kutosha kufika kilimani kwa Arero, labda hata kuvuka kabisa. Nikasema, "Twende sasa hivi. Tupite karibu na kilima, tusikate katikati." Mimi ndiye niliyesema twende. Liandikwe hivyo.

Tulikuwa tumeenda mbali kiasi cha kutoweza kurudi, na kilima bado kiko mbali, ndipo ndege weupe wakatupita chini chini, kundi zima, kimya. Kisha baridi. Baridi kabisa, kama mtu amefungua mlango wa jokofu, na harufu ya udongo uliolowa. Nikageuka mashariki nikaona nchi inasimama. Sijui nieleze vipi vinginevyo. Ukuta wa vumbi jekundu ulikuwa umenyanyuka kutoka ardhini hadi kwenye tumbo la wingu, unakuja, na mbele yake maji yalikuwa yanabadilika rangi, yakisisimka kama ngozi ya mnyama.

"Lokorio!"

Alikuwa ameshaona. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Kaeni chini! Sakafuni wote! Mtu asishike ukingo!"

Upepo ulitupiga kama ubao. Mawimbi ya pale si marefu, lakini yako karibu karibu kwa sababu maji hayana kina, na kila moja linakupiga kabla hujapumua lile la kwanza. Lokorio aligeuza pua ya boti mashariki, akaitegesha kwa mshazari kama alivyonifundisha, tukapanda na kuanguka, tukapanda na kuanguka. Maji yaliingia. Mwalimu Gichunge alikuwa akiyachota kwa sufuria huku akiomba kwa sauti. Wasichana walikuwa wamekumbatiana sakafuni, wengine wakisoma Fatiha, wengine Baba Yetu.

Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza.

Boti ilianza kugeuka ubavu. Nikakumbuka: ubavu, ubavu, umekwisha.

"Mama!" Lokorio akapiga kelele. "Nipe mtungi! Ule mkubwa!"

Hamdi alifungua kifuniko akaumwagia mto maziwa yake, meupe juu ya maji mekundu. Lokorio akapasua mdomo wa mtungi kwa kisu, akaufunga kamba, akautupa mbele ya boti. Mtungi ulijaa, ukazama kidogo, kamba ikakaza, na taratibu, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, pua ya boti ikarudi kutazama upepo. Mtungi ulikuwa unatushika kama mkono uliozama.

Kabla sijaelewa, Hamdi alikuwa anamwaga mtungi wa pili, na wa tatu, na yote. Alifunga vifuniko vikakaza, akavua mtandio wake akauchana vipande kwa meno, akawa anawafungia wasichana wasio na jaketi mitungi mitupu kifuani. Mmoja wao, Talaso, mwembamba, mwenye meno yanayogonga kwa baridi, alinivuta mkono.

"Madam, hii tutaulizwa kwa Jiografia?"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka katikati ya yale.

Mvua ilifika na mawe yake, yakitupiga mgongoni. Radi ilipiga mkoma uliosimama ndani ya maji, si mbali. Sikusikia mlio, niliusikia kifuani. Mti ulipasuka kutoka juu hadi kwenye maji ukiwa umejaa mwanga ndani yake, na kwa kitambo kile niliona kila kitu: kila tone limesimama hewani, uso wa kila msichana, mawimbi yote hadi mwisho wa dunia, meupe. Niliogopa kiasi cha kutobaki na woga. Nikawa natazama tu. Nikafikiri, miaka yote nimekuwa nikichora kitu hiki kwa penseli.

Upepo ulikuwa unatusukuma magharibi, mbali na kilima. Lokorio alikuwa ameshika kamba kwa mikono mitupu, damu inachuruzika. "Nikate?" akaniuliza. Aliniuliza mimi. "Tukiachilia, tutakwenda kwa haraka. Labda tutagonga nchi kavu huko."

Hapo ndipo akili yangu ilirudi. "Usikate! Huu ni upepo unaotoka chini ya wingu. Wingu likishatupita utageuka. Utatoka magharibi, utaturudisha kilimani. Shikilia!"

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. "Shikilia!"

Akashikilia. Mwalimu Gichunge akaenda kumsaidia, wakaishika wote wawili. Kwa muda ambao siwezi kuukadiria hakukuwa na kitu ila mvua. Kisha ukimya mfupi, kamba ikalegea, na upepo mpya ukaja nyuma ya shingo zetu, dhaifu zaidi, wenye uvuguvugu kidogo. Kutoka magharibi.

"Sasa kata!"

Alikata. Boti ikaanza kwenda, polepole, kama mtu anayesukumwa mgongoni na ndugu yake. Kilima kikatoka ndani ya mvua, cheusi, kikubwa, na juu yake ngamia wamesimama wamefumba macho, na mzee Arero akishuka mbio mawe yale akiwa na kamba ya ngamia mkononi. Aliingia majini hadi kwapani akatutupia. Alikosa. Akatupa tena.

Tulikaa pale mpaka wingu likapita. Jua lilitokea chini yake, la manjano, na kilima kizima kikafuka mvuke, na ngamia pia, na sisi. Mawe ya mvua yalikuwa yamelundikana katikati ya miamba, na wasichana waliyaokota wakayala. Upinde wa mvua ulikuwa mzima, ncha zote mbili ndani ya maji.

Lokorio alisafisha injini kwa mikono iliyopasuka. Tulivuka kabla jua halijazama, maji yametulia. Lori lilikuwa bado linangoja.

Lokorio aliposhuka, alikaa kwenye lami ameinamisha kichwa. Nilikaa karibu naye.

"Ziwa langu na hili," akasema, "si ndugu."

"Na mimi nilisema twende," nikamjibu.

Hamdi alipita akiwa kichwa wazi, nywele zimelowa. Nilimpa shuka langu ajitande. Alilipokea, akalitandaza kichwani na mabegani, akanishika shavu kwa kiganja baridi, akaenda kupanda lori pamoja na wasichana, ili, alisema, ahakikishe wamekula.

Jumatatu, 6 Novemba

Mwalimu amepiga simu. Wote wameingia kwenye chumba cha mtihani. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 8 Novemba

Boti inavuka asubuhi tu. Lokorio ndiye aliyetangaza, si mimi. Jaketi zinarudi na boti kila safari. Mtu asiyevua yake ukingoni anafokewa na Hamdi.

Ijumaa, 10 Novemba

Lokorio anakuja hemani kila alfajiri kutazama mawingu pamoja nami, mikono imefungwa bandeji. Ananiuliza majina yao. Nami namwuliza rangi za maji: yakiwa na povu la kahawia maana yake nini, yakinyamaza kando ya miti maana yake nini. Haniiti tena madam. Ananiita Kagwiria, na jina langu kinywani mwake linakuwa refu.

Jumatatu, 13 Novemba

Jua. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 16 Novemba

Mbingu ya buluu tupu. Hakuna wingu hata la kufutia kioo. Asubuhi nzuri kuliko zote tangu nije, na foleni ya watu ilikuwa ndefu pande zote mbili.

Mworia akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Mvua kubwa imenyesha milimani, Nyandarua na Laikipia, siku mbili mfululizo, na huko Archer's Post mto umepanda usiku kwa namna ambayo hajawahi kuiona kwenye kumbukumbu za ofisi. "Inakuja kwenu. Sijui saa ngapi. Toa watu majini."

Nilitoka hemani na bendera mkononi. Nikatazama ile mbingu. Nikawaza maziwa yaliyomwagika, na mama mmoja akiitafuta dhoruba, mkono juu ya macho. Nikapandisha.

Vijana waliokuwa na mizigo ya miraa walianza kunung'unika. Mzee mmoja, Kanchoro, kiongozi wa kambi ya waliokimbia mafuriko, mtu mstaarabu, alikuja akaniuliza kwa adabu kama sijakosea. "Intala, binti yangu, hakuna hata upepo."

Kabla sijajibu, sauti inayotosha soko zima ilitoka kwenye foleni. Hamdi alikuwa ametoka kuvuka na boti ya kwanza, ameshika mitungi miwili iliyojaa. Aliiweka chini.

"Mmeona nguo au hamjaona? Imepanda. Rudini juu! Juu kabisa, mpaka pale malori yanaposimama!"

"Mama, jua linawaka," kijana mmoja akasema.

"Na mimi nina macho. Nimesema juu."

Lokorio alikuwa tayari anavuta boti nchi kavu. Hakuuliza kitu. Walioelewa walimsaidia, na wasioelewa wakafuata. Nilimpigia simu mwalimu wa shule ya msingi ya ng'ambo, naye akawaondoa watu wake. Mzee Arero tulikuwa tumemvusha juzi, pamoja na ngamia; waliogelea nyuma ya boti, shingo juu, kama mabibi harusi wasiotaka kulowa.

Tukangoja. Saa zikapita. Wale vijana wakaanza kunitazama. Maziwa ya Hamdi yalikuwa juani, na yeye alikuwa ameyakalia karibu, ametulia.

Kwanza niliona maji yanarudi nyuma kidogo kwenye lami, kama yanavuta pumzi. Lokorio akanigusa bega. "Sikiliza."

Ilikuwa sauti ya malori mengi, mbali. Haikuwa na mwanzo. Kisha magharibi, chini ya ile mbingu ya buluu isiyo na kosa, mstari wa kahawia ukatokea, na mstari ule ulikuwa unatembea, na juu yake kulikuwa na miti. Hayakuwa matawi yaliyong'olewa tu. Miti mizima, mizizi juu, inageuka geuka taratibu kama watu wanaogeuka usingizini. Paa la nyumba. Tangi la maji. Twiga aliyekufa, shingo yake inakwenda mbele yake. Maji yalipanda lami mbele ya macho yetu, yakameza mahali tulipokuwa tumepanga foleni, yakameza mlingoti wa bendera, yakameza hema langu, yakaendelea kupanda. Yalipofika kwenye kilima cha Arero, yaligawanyika mara moja yakitoa ukungu, kisha yakakutana tena juu yake. Kilima kikawa hakipo.

Hakukuwa na mtu hata mmoja majini. Pande zote mbili.

Kanchoro alikuwa ameinua viganja vyote viwili. Wale vijana wa miraa walikuwa wamevua kofia. Mimi nilikuwa nalia, na haikuwa huzuni, na haikuwa furaha. Ilikuwa ni udogo. Nilihisi jinsi nilivyo mdogo, na haikuniuma.

"Hii nayo," Lokorio akaninong'oneza, "ilitoka wapi, na mbingu iko hivi?"

"Kwetu," nikamwambia. "Milimani."

Jumapili, 19 Novemba

Hema jipya. Maji yameanza kushuka.

Jumamosi, 25 Novemba

Wasichana wamerudi leo, mtihani umekwisha. Talaso alikuja kunisalimia akiwa amevaa sare iliyofuliwa mpaka ikawa nyeupe.

"Na Jiografia?" nikamwuliza.

"Walituuliza mito," akasema. "Nimeandika mpaka wakaninyang'anya karatasi."

Ijumaa, 1 Desemba

Boti imepakiwa juu ya lori. Wamempa Lokorio kazi nyingine chini, Garissa, ambako barabara bado iko majini. Tuliagana asubuhi, haraka, dereva akipiga honi. Alinipa mkono, kovu la kamba limepita kiganja chote. "Nitakupigia simu," alisema. "Nitakuambia rangi ya maji, wewe uniambie mbingu." Lori likaondoka, boti ikiwa juu yake, ikielea juu ya barabara ya vumbi.

Jumapili, 3 Desemba. Siku ya mwisho

Leo nimevuka Malka Guyo kwa miguu.

Hamdi alikuwa anakwenda ng'ambo kuona ndama wa ngamia aliyezaliwa, akaniambia tufuatane. Barabara imetoka, imejaa nyufa na matope makavu yanayolia chini ya viatu. Nyasi zimeota kila mahali, kijani kinachoumiza macho, na mbuzi wamo humo wakila bila kuinua vichwa. Tulipita karibu na mkoma uliopasuliwa na radi. Tulitembea mpaka pale ninapodhani injini ilizimika, na Hamdi akasimama.

"Abaayo. Tazama juu."

Nilitazama. Juu kabisa kwenye mgunga, mara mbili ya urefu wangu na zaidi, maji yalikuwa yameacha vitu vyake: nyasi kavu, gunia, ndala ya mtoto, na samaki, mifupa tu sasa, amenasa kwenye miiba akitazama Isiolo. Ndege mmoja alikuwa ameanza kujenga kiota ndani ya takataka hizo.

"Tulipita wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

Hamdi alinyoosha kidole taratibu, juu ya vichwa vyetu, kando ya mgunga, kwenye hewa tupu.

Tulisimama hapo chini, vichwa nyuma, mpaka shingo zikauma.